WALIMU WA SHULE ZETU ZA MASHAMBANI WATATOKA WAPI?

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza sisi wa ofisi ya Chama tuwaeleze leo jambo moja tu, wala si la hesabu ya fedha, maana hesabu mmekwisha kuisikia kwa Bwana Mweka Hazina, nayo imepigwa chapa katika kurasa za mwanzo za kitabu hiki. Jambo lenyewe ni la walimu. Katika mkutano wa mwaka uliopita, baada ya kusomwa orodha ya madarasa tuliyosaidia kuyaezeka mabati huko kwetu Taita, mzee mmoja alisimama akauliza, "Nyumba tumeziona, nasi twashukuru. Lakini ni nani atakayekaa ndani yake pamoja na watoto?" Swali hilo halikupata jibu siku ile. Halmashauri imelitafakari mwaka mzima, na matokeo yake ni azimio lililo mbele yenu: kwamba kwa muda wa miaka mitatu Mfuko wa Elimu usitumiwe kwa majengo, bali utumiwe kuwatafuta na kuwatayarisha vijana wa kwetu wawe walimu wa shule za kwetu. Twajua kwamba wapo wanachama wasiolipenda azimio hili, na sababu zao si za kudharauliwa. Twaomba tusikilizwe hata mwisho kabla kura hazijapigwa.

Wengi wetu tunakaa hapa Mombasa. Tunakwenda nyumbani wakati wa Krismasi, na wakati ule shule zimefungwa. Twaona kuta, twaona mabati yang'aayo, twaona jina la Chama limeandikwa mlangoni kwa rangi, tukarudi mjini na furaha. Mwalimu hatukumwona, wala hatukuona kwamba hayupo. Ni lazima mtu aende katikati ya mwezi wa Februari au wa Juni ndipo aone darasa la kwanza na la pili wameketi pamoja mbele ya mwalimu mmoja, naye ana darasa la tatu ng'ambo ya ukuta analisikiliza kwa sikio moja.

Si kwamba serikali haipeleki walimu. Hupeleka. Mwalimu kijana hupewa barua yake, akashuka Voi, akapanda pikipiki mpaka chini ya mlima, akaripoti kwa mwalimu mkuu. Hapo ndipo shida yake huanza. Nyumba hakuna. Hupanga chumba sokoni, mbali na shule, na maji huyanunua kwa madumu. Katika sehemu za nyika zipakanazo na mbuga ya Tsavo, asubuhi hawezi kutoka mapema kwa sababu ya ndovu. Lugha ya wazee hajui, jamaa hana, na siku za Jumapili hana pa kutembelea. Baada ya muda huandika barua ya kuomba uhamisho. Hatumlaumu, sisi nasi tungaliandika barua hiyo hiyo, na pengine mapema zaidi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Sisi mwalimu wetu mgeni hatujampa hata pa kulala, sembuse jembe.

Tena lipo jambo la lugha, ambalo watu wa mjini huliona dogo. Mtoto wa kwetu huingia shule akijua Kidawida, au Kisaghala, na Kiswahili kidogo cha dukani. Ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishauri kwamba katika miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha inayosemwa katika mtaa wa shule yake, na mtaala mpya ulioanza kuingizwa mashuleni mwaka 2017 haukuliacha shauri hilo. Lakini ni mwalimu gani atakayelitimiza, ikiwa yeye mwenyewe ametoka mahali ambapo lugha hiyo haijapata kusikika? Mtoto hukariri sauti za herufi kama kasuku. Hufika darasa la nne akiweza kusoma kwa sauti ukurasa mzima, nawe ukimwuliza habari ya yale aliyoyasoma hukutazama tu.

Shida hii si mpya, nasi twaona yafaa tuwakumbushe jinsi waliotutangulia walivyojaribu kuiondoa, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba Halmashauri imezua jambo lisilopata kujaribiwa.

Walimu wa kwanza wa shule za misheni hapa pwani hawakuwa wenyeji. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Rebmann walianza kazi Rabai. Lakini waliokuja kubeba kazi ya kufundisha kwa miaka mingi ni Waafrika waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wakapelekwa Bara Hindi, wakasomeshwa karibu na mji wa Nasik, ndipo wakarudishwa huku. George David alikuwa mmoja wao, na William Jones, na Ishmael Semler. Hawa wawili wa mwisho walipewa daraja la ushemasi mwaka 1885. Frere Town, ambapo leo ni mtaa tu wa mji, ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na hapo palikuwa na shule ya kuwatayarisha wahubiri na walimu. Walikuwa watu hodari. Lakini walikuwa wageni kwa wenyeji wa bara ya pwani, na kazi ilipopanda mpaka Saghala mwaka 1883, na misheni ya Kikatoliki ilipoanza Bura mwaka 1892, ilionekana kwamba shule haitasimama mpaka vijana wa milima yenyewe wamefundishwa nao wawafundishe wenzao. Ndivyo zilivyozaliwa zile shule ndogo za vijijini, kibanda kimoja kikiwa kanisa Jumapili na darasa Jumatatu. Mwalimu wake alikuwa kijana aliyejua kusoma, kuandika, kuhesabu kidogo, na maswali ya dini. Elimu yake ilikuwa chache, lakini alikuwapo kila siku, maana kwao ni pale pale.

Mwaka 1924 ilifika Afrika ya Mashariki tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, iliyochunguza elimu ya Waafrika. Ndani yake alikuwamo Mwafrika mmoja tu, Dakta Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa jina hilo, kwa kuwa shule yetu ya sekondari pale Wundanyi inaitwa kwa jina lake. Lakini vijana wengi waliosoma hapo hawakupata kuuliza alikuwa nani. Tume hiyo iliona shule za vijijini zilivyo dhaifu, ikashauri zisivunjwe, bali walimu wake wasaidiwe. Kutokana na ushauri huo ilianzishwa Jeanes School pale Kabete mwaka 1925, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya New York, na mkuu wake wa kwanza alikuwa J. W. C. Dougall, aliyekuwa mwandishi wa tume.

Twapenda kukaa kidogo juu ya shule hii, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na fikira za Halmashauri. Jina lake latokana na bibi mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes, aliyetoa mali yake kwa ajili ya shule za watu weusi wa mashambani katika majimbo ya kusini ya Marekani. Na mwalimu wa kwanza wa namna hiyo alikuwa mwanamke mweusi wa Virginia, Virginia Randolph, aliyewekwa mwaka 1908 katika wilaya ya Henrico azunguke katika shule ndogo akiwasaidia walimu wenzake. Hakuwa mkaguzi wa kuandika makosa daftarini akaenda zake. Alikuwa akishika kazi kwa mikono yake: leo kufagia ua na kupanda miti, kesho kuwafundisha wasichana kushona, kesho kutwa kukaa nyuma ya darasa na mwalimu mchanga na kumwonyesha njia.

Kabete walifanya vivyo hivyo kwa desturi za huku. Walichaguliwa walimu waliokwisha kufundisha vijijini, wakaja pamoja na wake zao na watoto wao, wakakaa katika nyumba ndogo kama za kijijini, kila nyumba na bustani yake. Mume alijifunza ualimu bora, kilimo, na usafi wa nyumba na maji. Mke naye alijifunza kazi zake, malezi ya watoto na matunzo ya wagonjwa, wala hakuhesabiwa kuwa mgeni wa mumewe tu. Walipomaliza walirudi kwao, na mwalimu akakabidhiwa kundi la shule ndogo azitembelee kwa zamu. Tazameni jinsi jambo hilo lilivyotengenezwa: hakuchukuliwa kijana asiyejua kazi, bali aliyekwisha kuonekana kazini, hakufundishwa peke yake, bali na mkewe, na hakupelekwa popote, bali alirudishwa kwa watu waliomtuma.

Hatutaki kuwaficha kwamba Waafrika wengi wa siku zile hawakuipenda Jeanes. Walisema, "Wazungu hutupa elimu ya jembe na choo, na watoto wao huwapa elimu ya vitabu." Nasi twaona walikuwa na haki katika shaka yao, maana palikuwa na watu wenye mamlaka waliofurahi kumwona Mwafrika akijifunza kuwa mkulima safi na asijifunze zaidi. Tena mwalimu yule wa Jeanes alikuwa na mabwana wengi, misheni upande huu, serikali upande huu, na wazee wa mtaa nao walimtazama. Lakini ubaya wa nia ya baadhi ya waliolisimamia jambo hauondoi uzuri wa njia yenyewe. Mwaka 1961 mahali hapo pakageuzwa kuwa chuo cha kuwafundisha maofisa wa utawala, na mpaka leo maofisa wa serikali hufundishwa hapo. Walimu wa kuzizungukia shule ndogo hawatengenezwi tena mahali hapo.

Wenzetu wa Kikuyu walichukua njia nyingine. Walipojitenga na misheni wakajenga shule zao, waliona upesi kwamba kujenga ni kazi nyepesi, na kupata walimu ni kazi nzito, maana vyuo vya walimu vilikuwa mikononi mwa misheni na serikali. Kwa hiyo mwaka 1939 walifungua chuo chao Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange, aliyekuwa amesoma Marekani na Uingereza. Fedha zilichangwa na wananchi wenyewe, rika kwa rika, kila rika likishindana na jingine. Jomo Kenyatta aliporudi nchini mwaka 1946 alikuja kuwa mkuu wa chuo hicho. Mwaka 1952, katika siku za hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilikifunga. Twalitaja jambo hili kwa wale wanachama wasemao kwamba kutayarisha walimu si kazi ya chama cha wananchi bali ni kazi ya serikali peke yake. Watu waliokuwa maskini kuliko sisi waliifanya.

Baadaye ikaja Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949, iliyokazia sana mafunzo ya walimu na usimamizi wa shule, ingawa Waafrika wengi waliichukia kwa sababu ya mitihani iliyowatupa nje watoto wadogo. Vyuo vidogo vya ualimu vya misheni vilikuwa vingi siku hizo. Wengi wa wazee waliomo humu walifundishwa na mwalimu wa P4 au P3, mtu aliyetoka shule ya msingi au ya kati akasoma ualimu miaka miwili, akarudi kijijini, akaoa hapo, akazeeka hapo. Leo tungecheka vyeti vyake. Lakini tuulizane: ni nani aliyetuonyesha kushika kalamu?

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1963 watoto wa shule za msingi walikuwa wapata 890,000, na sehemu kubwa ya walimu wao haikuwa imepita chuo chochote. Walimu waliajiriwa huku na huku: wengine na misheni, wengine na halmashauri za wilaya, na mishahara na masharti havikulingana. Chama cha walimu, K.N.U.T., kilichoanzishwa mwaka 1957, kilipigania mwajiri mmoja kwa walimu wote, na mwaka 1967 ikaundwa kwa sheria tume ya kuwaajiri walimu, iitwayo T.S.C. Hilo lilikuwa jema kubwa. Mwalimu akawa na mshahara wa hakika na mahali pa kupeleka malalamiko yake. Lakini lilikuja na hasara yake ndogo, ambayo wakati ule haikuonekana: kijiji kikaacha kumhesabu mwalimu kuwa ni mtu wake wa kumtafuta na kumlea, kikaanza kumngoja kama kingojavyo mvua. Mwaka 1974 karo ilipoondolewa katika madarasa manne ya kwanza, na tena mwaka 2003 ilipoondolewa katika shule zote za msingi za serikali, watoto walifurika madarasani, na kila mara walimu hawakutosha. Sisi nasi tuliitika kwa kujenga.

Kama yuko mtu anayeona kwamba tunazidisha maneno, na atazame kaskazini. Mwezi wa Novemba mwaka 2014 watu 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao likizoni. Mwezi wa Januari mwaka 2020 walimu 3 waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa. Walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi walihofu, na tume ikawaondoa wengi wao. Hakuna mwenye moyo atakayewalaumu. Lakini watoto wa kule walibaki na madarasa, na madawati, na vitabu vya serikali, na mbele ya ubao hapakuwa na mtu, kwa sababu walimu wenyeji walikuwa wachache mno. Kwetu hakuna bunduki, twamshukuru Mungu. Hata hivyo sehemu yoyote ambayo walimu wake wote hutoka mbali, ni kama nyumba iliyojengwa kwa miti ya kuazima.

Sasa tuje kwa wale wasiolipenda azimio. Wazee wawili wametuandikia barua, na barua zao zilisomwa katika Halmashauri kwa heshima. Mmoja asema kwamba mwalimu mwenyeji hana wakati: leo ana shamba, kesho ana matanga, kesho kutwa ana kikao cha posa, na mwalimu mkuu akimkemea huambiwa kwamba amemvunjia heshima mtoto wa fulani. Hayo ni kweli, nasi tumeyaona. Ni sababu mojawapo iliyoifanya tume, tangu mwaka 2018, iwahamishe walimu wakuu wengi na walimu wengine mbali na makwao, siasa ambayo baadaye ililegezwa, na tangu mwaka 2023 wengi wamerudishwa. Mzee wa pili asema kwamba mtoto wa Taita asiyefundishwa na Mkisii, na Mluo, na Mkamba, atakua akidhani kwamba Kenya yaishia Voi. Hili nalo ni neno la busara. Sisi hatutaki shule ya ukoo mmoja. Twataka katika kila shule ya mbali wawepo walimu wawili au watatu wenyeji, hasa katika madarasa ya chini ambapo lugha ya nyumbani ina kazi, ili wageni wakija na kuondoka shule isiwe ikianza upya kila mwaka. Na habari ya matanga na shamba, dawa yake i mikononi mwa wazee wenyewe wa mtaa. Mwalimu asipokwenda matangani siku ya kazi, na asisengenywe.

Kuna neno la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote. Wanachama vijana wametuuliza, "Mnatayarisha walimu wa nini, na nchi imejaa walimu waliohitimu wasio na kazi?" Ni kweli wamejaa. Mwaka 2023, lilipofunguliwa darasa la saba la mtaala mpya, serikali iliwachukua wengi kwa mkataba wa muda wa kujizoeza, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka uliofuata mahakama ikasema kwamba mikataba hiyo haikuwa halali. Lakini tuulize hao wasio na kazi wanatoka wapi. Wanatoka penye shule nzuri na barabara nzuri. Kijana wa milima ya mbali na wa nyika za Kasigau hayumo wengi katika safu ile. Na sababu yake ndiyo twapenda mzishike wazee wetu. Cheti cha zamani cha P1 kimeondolewa. Tangu mwaka 2021 mwalimu wa shule ya msingi husomea diploma ya miaka mitatu, na ilipoanza alitakiwa awe na alama ya C katika mtihani wa kidato cha nne. Mtoto aliyekosa mwalimu wa hesabu katika darasa la nne hataipata alama hiyo. Kwa kuwa hakuipata, hataingia chuoni. Kwa kuwa hakuingia chuoni, mdogo wake naye atakosa mwalimu wa hesabu katika darasa la nne. Mduara huu hauvunjwi kwa kushusha alama. Waliokwisha kufundishwa vibaya wakipewa watoto wawafundishe, ubaya huongezeka. Huvunjwa kwa kuanza mapema.

Kwa hiyo Halmashauri haisemi kwamba tumtafute kijana aliyekwisha kumaliza kidato cha nne na kumlipia karo ya chuo tu. Hao nao tutawasaidia, wakiwapo. Lakini kazi kubwa ni kwa watoto walio bado shuleni. Walimu wakuu na wazee wa kila shule ya mbali watatuandikia majina ya watoto wanaoonyesha dalili ya ualimu, na dalili hiyo si alama peke yake: yupo mtoto ambaye wenzake humzunguka wakati wa mapumziko awaeleze hesabu, na kila mwalimu humjua. Mtoto kama huyo atalipiwa masomo ya sekondari, na wakati wa likizo atapata mafundisho ya ziada ya hesabu, Kiingereza na sayansi kwa walimu wetu waliostaafu. Walimu hao wapo. Wamekaa Mbale, na Mgange, na Werugha, wakichuma mboga zao, na hakuna mtu awaombaye neno. Wakipewa nauli na posho ndogo waweza kuzizungukia shule tatu nne kwa zamu, na huku wakimtia nguvu mwalimu kijana aliye peke yake. Mmekwisha kutambua wazo hili limetoka wapi.

Twasihi sana wasichana wasisahauliwe katika orodha hizo. Wazee wengi hufikiri kwamba kumsomesha binti ni kuisomesha nyumba ya watu wengine. Katika kazi hii mambo huwa kinyume. Kijana mwanamume akipata diploma, macho yake huelekea Mombasa na Nairobi. Mwanamke aliyeolewa karibu na kwao hukaa, na madarasa ya chini humpenda. Waanzilishi wa Kabete hawakuwa wajinga walipowaita wake pamoja na waume.

Baada ya kidato cha nne, kabla ya chuo, kijana atakaa katika shule ya kwao kwa miezi kadhaa akimsaidia mwalimu: kugawa vitabu, kusikiliza watoto wakisoma mmoja mmoja, kusahihisha daftari. Angalieni kwamba hatasimamishwa kuwa mwalimu wa darasa. Sheria ya T.S.C. ya mwaka 2012 yakataza mtu ambaye hakuandikishwa na tume kufanya kazi ya ualimu, nasi hatutaki Chama kiingie katika kesi kwa ajili ya kutaka mambo ya haraka. Miezi hiyo ina faida mbili: yeye atajua kama kazi anaipenda, na sisi tutajua kama kazi inampenda.

Atakayelipiwa chuo ataweka sahihi pamoja na mzazi wake kwamba, akiajiriwa, ataomba kupelekwa katika shule za kwetu na kukaa huko miaka mitano. Twasema ataomba, kwa kuwa Chama hakina mamlaka ya kumpanga mwalimu wa serikali. Akingoja ajira, na kungoja huwa kwa miaka, halmashauri ya shule yaweza kumchukua kwa kuwa amekwisha kuandikishwa, na Mfuko utasaidia mshahara wake, maana posho zitolewazo na wazazi wetu hazimtoshi mtu kununua sabuni na unga. Kijana akivunja ahadi atarudisha fedha kidogo kidogo. Wapo watakaovunja, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini wengine hukawia sana huko tezi. Hata hivyo, wakirudi nusu yao, shule zetu zitakuwa na watu ambao leo hazina.

Jengo moja tu ndilo tulilolibakiza katika azimio, nalo ni nyumba ya mwalimu. Vyumba viwili, tangi la maji ya mvua, na choo, karibu na shule, kwa kila shule ya mbali itakayotoa kiwanja na mawe. Nyumba hiyo itakuwa ya mwalimu yeyote, mwenyeji au mgeni. Bwana Mweka Hazina ametuambia kwamba fedha ya kuezeka darasa moja zaidi yakaribia kutosha nyumba ya namna hiyo ikiwa wenyeji watatoa mawe, mchanga na mikono yao.

Azimio litasomwa sasa na Bwana Mwenyekiti kwa Kiswahili na kwa Kidawida, na kura zitapigwa kwa kuinua mikono, matawi yote pamoja. Likikubaliwa, fomu za kuandikia majina ya watoto zitapatikana ofisini kwetu kuanzia Jumatatu, moja kwa kila shule. Itiwe sahihi na mwalimu mkuu na wazee wawili wasio wa ukoo mmoja na mtoto, nayo irudishwe kwa mkono kabla shule hazijafungwa muhula huu. Zile zinazoletwa na madereva wa matatu hupotea njiani.